RS-232 na printa: historia ya waya uliosumbua mafundi

Leo tuache programu kidogo tuangalie waya. Nyuma ya tarakilishi nyingi za zamani kuna poti yenye umbo la herufi D, ama ndogo ya pini 9 ama kubwa ya pini 25. Hiyo ndiyo poti ya mfululizo. Imeitwa hivyo kwa sababu biti hupita kwenye waya mmoja zikifuatana, moja nyuma ya nyingine, kama watu kwenye foleni ya benki. Ndugu yake, poti sambamba, hupitisha biti nane kwa pamoja kwenye nyaya nane.

Fundi yeyote aliyewahi kuunganisha printa kwenye poti ya mfululizo anajua vituko vyake. Mara inachapa alama zisizosomeka. Mara mistari inashuka kama ngazi kuelekea kulia mwa karatasi. Mara inachapa nusu ukurasa vizuri, kisha inaanza kuruka maneno. Kebo inaingia sawasawa, taa inawaka, na tarakilishi haitoi ujumbe wowote wa kosa. Wengi hukata tamaa na kusema mashine imezeeka.

Ninavyoona mimi, kila kimoja cha vituko hivi kina mwaka wake wa kuzaliwa. Kilitokana na uamuzi ambao ulikuwa na maana kamili ulipofanywa, kwa mashine nyingine kabisa. Ukijua uamuzi huo unajua pa kugusa. Kwa hivyo twende nyuma kidogo.

Mashine zilizotangulia

Mwaka 1874 Mfaransa Émile Baudot alipata hataza ya mfumo wa telegrafu ambao kila herufi ilikuwa na biti tano, zote za urefu sawa. Kipimo cha baudi kilipewa jina lake. Mwaka 1901 Donald Murray, mzaliwa wa New Zealand, aliurekebisha msimbo huo ili utumike na kibodi ya aina ya taipureta. Aliongeza amri mbili ambazo hazichapi kitu: moja ya kurudisha kichwa mwanzo wa mstari, na nyingine ya kusogeza karatasi mstari mmoja. Leo tunaziita CR na LF. Shika majina hayo, tutayahitaji.

Mwaka 1963 jedwali la herufi la ASCII lilitolewa, na kampuni ya Teletype ya Marekani ikaanza kuuza mashine iliyoitwa Model 33. Ilikuwa na kibodi na printa katika mwili mmoja, na aina yake moja ilikuwa pia na kifaa cha kutoboa na kusoma utepe wa karatasi. Ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Kila herufi ilisafiri na biti 11: moja ya kuanza, saba za herufi, moja ya ukaguzi na mbili za kumaliza. Zidisha 11 kwa 10 upate 110. Ndiyo maana ukifungua orodha ya kasi katika programu nyingi za poti ya mfululizo utakuta 110 imekaa pale juu, ingawa hakuna anayeitumia.

Jambo la kukumbuka ni kwamba teletaipu hii haikuwa na mahali pa kuweka akiba ya herufi. Herufi ikifika, inachapwa papo hapo. Kasi ya waya na kasi ya kuchapa zilikuwa kitu kimoja, kwa hivyo mashine haikuwa na haja ya kuiambia tarakilishi "ngoja kidogo". Kazi moja tu ndiyo iliyochelewa: kurudisha kichwa kutoka mwisho wa mstari. Kwa sababu hiyo CR ilitangulia na LF ikafuata, ili karatasi isogee wakati kichwa bado kiko safarini. Mpaka leo amri ya stty kwenye Linux ina vipimo vya kuchelewesha baada ya CR na baada ya LF. Ni mabaki ya vyuma vile.

Mkataba ambao printa haikualikwa

Mwaka 1960 chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani, EIA, kilitoa kiwango cha RS-232. Toleo lililoenea zaidi, RS-232-C, lilitoka mwaka 1969. Kiwango hiki kilikuwa mkataba kati ya pande mbili tu. Upande mmoja ni kifaa cha data, kiitwacho DTE, kwa mfano teletaipu au tarakilishi. Upande wa pili ni modemu, iitwayo DCE, inayopeleka data kwenye laini ya simu.

Mkataba uligawa kazi kwa pini 25. Pini 2 inatoa data kutoka kwa DTE, pini 3 inaileta. Pini 7 ni ardhi. Pini 4, iitwayo RTS, ni kifaa kinachosema "naomba kutuma", na pini 5, CTS, ni modemu inayojibu "haya, tuma". Pini 6, DSR, ni modemu inayosema "niko tayari", na pini 20, DTR, ni kifaa kinachosema vivyo hivyo. Pini 8 inaeleza kwamba modemu inasikia mwenzake wa upande wa pili. Volti kati ya -3 na -15 ni biti 1, na kati ya +3 na +15 ni biti 0. Waya wa data usiokuwa na kazi hukaa hasi.

Soma tena orodha hiyo. Hakuna pini hata moja inayosema "karatasi imeisha" au "nimejaa, subiri". Ombi na jibu la pini 4 na 5 lilihusu modemu zilizopokezana zamu kwenye laini moja ya simu. Printa haimo mahali popote katika mazungumzo hayo.

Kampuni ya Centronics ilipotoa printa yake ya Model 101 mwaka 1970, ilitumia njia sambamba na ikaweka waya maalumu wa printa kusema kwamba ina shughuli. Hilo lilikuwa suluhisho safi, na IBM PC ya mwaka 1981 ilifuata njia hiyo kwa printa zake. Lakini poti ya mfululizo haikuondoka. Kebo yake ilikuwa na nyaya chache na iliweza kufika mbali zaidi. Mifumo ya Unix ilikuwa na poti za mfululizo kwa wingi kwa ajili ya watumiaji wake, na printa ilichomekwa kwenye mojawapo. Apple nayo ilipotoa Macintosh mwaka 1984 haikuipa poti sambamba kabisa, na printa yake ya ImageWriter ilizungumza kwa mfululizo.

Basi watengenezaji wa printa wakachukua mkataba wa modemu na kila mmoja akautafsiri alivyoona inafaa. Hapo ndipo matatizo yetu yalipozaliwa. Tuyachukue moja moja.

Printa iko kimya kabisa

Printa nyingi zilijiona ni DTE, kama teletaipu. Tarakilishi nayo ni DTE. Ukitumia kebo iliyonyooka, zote mbili zinatuma kwenye pini 2 na zote zinasikiliza pini 3, yaani wawili wanazungumza na hakuna anayesikia. Dawa yake ni kebo inayopishanisha 2 na 3.

IBM iliongeza mkanganyiko mwaka 1984 ilipotoa PC/AT yenye poti ya pini 9. Katika poti hiyo kazi zimegeuzwa: pini 2 inapokea na pini 3 inatuma, na ardhi ni pini 5. Kwa hivyo kebo ya kutoka pini 9 kwenda pini 25 ambayo kwa macho imeunganisha 2 na 2, 3 na 3, tayari imepishanisha data. Mtu anayehesabu pini bila kujua hili atapishanisha mara ya pili na kurudi alikoanza.

Huhitaji kubahatisha. Chukua mita ya umeme. Washa kifaa kimoja kikiwa peke yake, pima kati ya ardhi na pini 2, kisha kati ya ardhi na pini 3. Pini iliyo hasi, kwa mfano -9 au -11, ndiyo inayotuma. Ile iliyo karibu na sifuri ndiyo inayosikiliza. Pima na kifaa cha pili, halafu unganisha anayetuma na anayesikiliza.

Nusu ya herufi ni sawa, nusu ni uchawi

Biti ya ukaguzi ilikuwa na faida kubwa kwenye laini za simu zenye kelele. Kanuni ya shufwa inasema hivi: hesabu biti 1 katika herufi, na zikiwa idadi ya witiri weka biti ya ukaguzi kuwa 1, ili jumla iwe shufwa. Sasa fikiria tarakilishi inatuma biti saba na moja ya ukaguzi, lakini printa imewekwa kupokea biti nane za data bila ukaguzi. Printa itaichukulia biti ya ukaguzi kuwa sehemu ya herufi.

Chukua neno KARATASI. Herufi K, A na S zina idadi ya shufwa, kwa hivyo zinapita salama. R, T na I zina witiri, kwa hivyo zinaruka kwenda nusu ya juu ya jedwali, kule kwenye alama za kuchora na herufi za kigeni. Utapata KA?A?AS? huku kila alama ya kuuliza ikiwa kitu cha ajabu. Ukiona herufi A na U zimetoka vizuri kila mahali na E, I, O zimeharibika kila mahali, usiguse kasi. Kasi ikikosewa huharibu karibu kila kitu. Hapa tatizo ni biti ya ukaguzi, na utalitatua kwa swichi ndogo za printa au kwa amri moja ya tarakilishi.

Mistari kama ngazi

Ugonjwa huu unatoka moja kwa moja kwa amri mbili za Murray. Mfumo wa Multics uliamua kwamba mwisho wa mstari ni alama moja tu, LF, na Unix, iliyoanza Bell Labs mwaka 1969, ikafuata. Programu ya mfumo ndiyo iliyopaswa kuongeza CR wakati wa kupeleka kwa teletaipu. CP/M na DOS zilihifadhi zote mbili ndani ya faili.

Faili ya Unix ikipelekwa kwenye printa bila CR, karatasi inasogea lakini kichwa kinabaki kilipo, na mstari unaofuata unaanzia pale wa kwanza ulipoishia. Kwenye Linux dawa ni hii:

stty -F /dev/ttyS0 opost onlcr

Kinyume chake, mistari ikichapwa yote juu ya mmoja, LF haifiki. Na ikiachana nafasi mbili mbili, printa inaongeza LF yake juu ya ile inayotumwa. Zima swichi yake ya kujiongezea. Hiyo "tty" ya kwenye jina la poti, kama ulikuwa hujui, ni ufupisho wa teletaipu.

Mistari inayopotea

Huu ndio ugonjwa mbaya kuliko yote, kwa sababu karatasi inayotoka inaonekana nzima.

Miaka michache iliyopita niliitwa na chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Walikuwa na tarakilishi kuukuu inayoendesha DOS, yenye programu inayojumlisha kilo za kila mwanachama na kuchapa orodha ya malipo ya mwezi kwenye karatasi ndefu yenye nakala. Orodha ilikuwa ikitoka na mapengo. Baadhi ya majina hayakuwepo, na mahali pengine jina la mtu mmoja lilifuatwa na kilo za mwingine. Jumla ya chini haikulingana na mistari ya juu. Wakulima walikuja dirishani na vitabu vyao vidogo, na minong'ono ilikuwa imeanza kwamba kuna mtu anakula maziwa ya watu.

Karani, mzee aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, aliniambia, "Kijana wangu, tumeshanunua printa nyingine na bado. Sasa wananitazama mimi." Nikamuuliza, "Mzee, tatizo lilianza lini?" Akasema lilianza baada ya panya kukata kebo ya zamani na fundi mmoja kuwatengenezea mpya.

Nilifungua kifuniko cha kebo upande wa tarakilishi. Waya wa data ulikuwepo na ardhi ilikuwepo. Pini za RTS na CTS zilikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na vivyo hivyo DTR na DSR. Hii ni njia ya mkato inayojulikana sana. BIOS ya IBM PC haitumi herufi mpaka ione DSR na CTS ziko tayari, na bila hizo DOS inalalamika kwamba printa haiko tayari. Fundi alinyamazisha malalamiko hayo kwa kuifanya tarakilishi ijijibu yenyewe. Inauliza "je, nitume?" na sauti yake mwenyewe inarudi: "tuma".

Tufanye hesabu kwa mfano. Kwa kasi ya 9600, biti 10 kwa kila herufi, zinafika herufi 960 kwa sekunde. Tuseme printa inachapa herufi 80 kwa sekunde na ina akiba ya baiti 2048. Kila sekunde zinabaki herufi 880 zinazosubiri, kwa hivyo akiba inajaa baada ya sekunde 2.3 hivi, ikiwa imepokea herufi kama 2,230. Kwa mistari ya herufi 80, hiyo ni kama mistari 28. Barua fupi ya kujaribia itatoka safi kabisa na fundi ataondoka akiwa ameridhika. Orodha ya wanachama mia nne haitatoka hivyo.

Watu wengine hupunguza kasi hadi 1200. Hapo zinafika herufi 120 kwa sekunde, akiba inajaa baada ya sekunde 51, na ugonjwa unajificha hadi ukurasa wa pili. Ni kutuliza maumivu tu.

Dawa ya kweli ni kuipa printa sauti. Watengenezaji wengi walichukua pini 20 ya printa, ile DTR, wakaitumia kusema "nimejaa", na wengine wakatumia pini 11 au 19. Ya hawa ilikuwa pini 20. Niliondoa viunganishi vya uongo, nikapeleka waya kutoka pini 20 ya printa hadi CTS na DSR za tarakilishi, ambazo kwenye poti ya pini 9 ni 8 na 6. Kisha nikahakikisha amri hizi zipo wakati wa kuwasha:

MODE COM1:9600,N,8,1,P
MODE LPT1:=COM1:

Herufi P ya mwisho inaiambia DOS iendelee kujaribu printa inapochelewa, badala ya kukata tamaa. Tulichapa orodha upya. Ilichukua muda mrefu zaidi kwa sababu sasa tarakilishi ilikuwa inangoja. Mzee alijumlisha kwa kikokotoo ukurasa baada ya ukurasa, na jumla ikalingana. Kilo zilikuwa kwenye diski wakati wote huo. Lakini mkulima haoni diski. Kwake karatasi ndiyo hesabu, na kwa miezi kadhaa waya wenye viunganishi viwili ulikuwa umemfanya mtu mwaminifu aonekane mwizi.

Kuna njia ya pili ya kusema "ngoja", isiyohitaji waya wa ziada wa udhibiti. ASCII ina alama namba 17 na 19, ambazo kwenye teletaipu ziliwasha na kuzima kisomaji cha utepe. Printa inaweza kutuma 19 ikijaa na 17 ikipata nafasi. Njia hii inaitwa XON/XOFF. Ukibonyeza Ctrl-S kwenye dirisha la amri la Linux na likaganda, umetuma alama ile ile, Ctrl-Q inalifungua. Ila kuna masharti mawili: programu ya tarakilishi iielewe, na waya wa kurudi kutoka printa uwepo. BIOS ya IBM PC haikuielewa, ilitazama nyaya tu.

Mpangilio ninaoufuata

1. Fanya printa ijichapishe yenyewe. Printa nyingi hufanya hivyo ukiiwasha huku umeshika kitufe cha kusogeza karatasi, na nyingine huchapa mipangilio yake ya kasi na biti.
2. Pima kwa mita nani anatuma wapi.
3. Linganisha kasi, biti za data na ukaguzi pande zote mbili.
4. Chapa mistari mitatu uone CR na LF.
5. Chapa mistari 300 yenye namba, 1 hadi 300, na uikague yote.
6. Katikati ya kuchapa, iweke printa kwenye hali ya kusimama kwa dakika mbili, kisha iachie. Namba zisiruke hata moja.

Hatua ya 5 na 6 ndizo wengi huziruka, na ndizo zinazokamata kebo inayodanganya.

Usidhani haya ni ya makumbusho. USB ilianza mwaka 1996, lakini printa nyingi za risiti bado zinauzwa na poti ya mfululizo, zikiwa na swichi za kuchagua kati ya DTR na XON/XOFF. Vibadilishi vya USB vinakupa poti mpya, ila maswali yanabaki yale yale: nani anatuma, kwa kasi gani, na aliyejaa anasemaje. Kabla ya kumshauri mtu atupe mashine yake, au amshuku karani wake, fungua kifuniko cha kebo kwanza.